Asili na Fasili ya Bi Mastura

Mimi ni mtu wa shaka, na sioni haya kulisema. Kanji wa duka la vitambaa akinipimia yadi, nami nazipima tena palepale mbele ya macho yake, na bado tumekuwa marafiki tangu ujana. Mke wangu Nana husema siku nikifika peponi nitamuuliza malaika ufunguo wa lango ameupata wapi. Na aseme. Fundi wa nguo asiye na shaka huharibu kitambaa cha watu, na ulimwengu nao ni vivyo hivyo.

Ndugu yangu mkubwa, Seif, alikuwa kinyume changu. Alikuwa mpishi katika meli za mizigo, na kila bandari aliyofika aliamini kila alichoambiwa. Mwaka wa sitini na saba alirudi kwetu Mambrui na sanduku la bati, sufuria moja kubwa iliyobonyea ubavuni, na mke. Hatukuwa tumepata habari yoyote. Alimsimamisha mlangoni kwa mama yetu, akasema, "Huyu ni Mastura, nimemuoa kwao visiwani," kisha akauliza kama kuna samaki.

Visiwani wapi? Hiyo ndiyo iliyokuwa shaka yangu ya kwanza. Sisi watu wa mwambao tukisema Ngazija twavikusanya visiwa vyote vinne vya kule, lakini wenyewe hawachanganyi. Mtu ni wa Ngazija yenyewe, au wa Nzuani, au wa Mwali, au wa Maore. Mastura akiulizwa alijibu, "Huko huko visiwani, shemeji," akainamia kofia yake. Kazi yake ilikuwa kushona kofia za mkono, zile za vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja, na mtu anayeshona kofia ana sababu nzuri ya kutoinua macho.

Kaltuma alizaliwa upesi. Wanawake wa mtaa walianza kuhesabu kwa vidole, mama yangu akawafokea kwamba mtoto wa miezi saba hakuanza leo duniani. Mimi nami nilihesabu, kimoyomoyo. Kaltuma alipofika miaka tisa, Seif alishikwa na homa akiwa Mombasa, na kabla hatujapata gari la kumleta alikuwa amekwisha kufa. Tokea hapo mzigo ulikuwa wangu. Nilimpa shemeji yangu chumba cha nyuma ya duka langu la ushonaji, nikatundika pazia katikati, yeye na kofia zake huku, mimi na cherehani yangu kule. Kaltuma akawa mwanangu. Siku ya kuolewa kwake mimi ndiye ningekuwa wali wake.

Basi kwa miaka yote hiyo nilimsikiliza Bi Mastura kupitia pazia, na nilichokisikia hakikunipendeza. Malindi kulikuwa na Wangazija wa kutosha, na wake zao waliposikia kuna mwenzao anayeshona kofia walikuja Mambrui makusudi. Waliingia wakimwamkia kwa lugha yao. Yeye aliwajibu kwa Kiswahili cha Mambrui, kisafi, na kila walipomrudia kwa Kingazija yeye aliwarudia kwa Kiswahili, mpaka wakachoka wakaondoka. Wakishaondoka, nilisikia sindano ikimponyoka sakafuni. Tena kila mwaka tarehe sita Julai, siku Wangazija wanaposherehekea uhuru wao kwa maulidi na pilau, Bi Mastura alifunga mlango akasema kichwa kinamuuma. Kichwa gani kinachojua tarehe?

Mwisho nilipata jibu, au nilidhani nimelipata. Mtu haikimbii lugha yake bure, kuna anayemkimbia. Nikamwambia Nana, "Huyu ana mume kule visiwani. Hakuachwa. Alitoroka na Seif."

"Na wewe," Nana akasema, "wataka nini? Umfufue Seif umuulize?"

"Wajua maana yake? Maana yake ndoa ya ndugu yangu haikuwa ndoa. Na Kaltuma je?"

Nana aliacha kuchambua mchele. "Ulimi wako huo," aliniambia, "siku Kaltuma akiusikia, mimi simo."

Nikaufunga ulimi. Shaka sikuifunga.

Sasa nimtaje Mzee Mmadi. Alikuwa fundi saa Malindi, na kibanda chake kilikuwa karibu na soko la zamani. Alikuwa mtu wa Ngazija yenyewe, mrefu, mkavu, mwenye jino la dhahabu mbele. Zamani za Mfaransa alikuwa karani wa serikali huko kwao. Uhuru ulipokuja mwaka wa sabini na tano alishangilia kuliko wote, na miaka miwili baadaye serikali hiyo hiyo ya uhuru ikawafukuza makarani wake kwa mkupuo mmoja. Ndipo alipokuja kwetu na mwanawe Zubeir, akarudia kazi ya saa aliyofundishwa utotoni na mjomba wake.

Hakuna mtu aliyepata kumwona Mzee Mmadi akicheka. Vilevile hakupenda kuguswa. Mkono alikupa kutoka mbali, viwiko amevibana mbavuni, kisha akaurudisha haraka kabla hujaushika vizuri. Akitaka kanzu, aliniletea kanzu yake kuukuu, akaiweka mezani, akasema, "Fuata hii." Nilimwambia mara nyingi kwamba mwili wa mtu hubadilika. "Wangu haubadiliki," alijibu. Mimi nilishuku ana kitu chini ya nguo. Nyakati hizo serikali ilikuwa na masikio kila mahali na kila mtu alimtazama jirani yake mara mbili, na fundi asiyeruhusiwa kuzungusha futi kifuani mwa mtu lazima ajiulize kuna nini hapo.

Mwaka mmoja nilialikwa kwenye maulidi yao ya Julai, nikasikia kisa chake. Kila mwaka walimwomba akisimulie. Alisema Wangazija walipokuwa wakidai uhuru, watu wa Maore walikataa kuwa pamoja nao, wakamng'ang'ania Mfaransa. Yeye, akiwa kijana, alitumwa Maore kikazi. Aliposhuka tu gatini wakamvamia wanaume ishirini wenye makasia na mapanga, walionunuliwa na Mfaransa. Alipigana nao mpaka wakamtupa baharini, na hapo ndipo jino lake lilipobaki. Wasikilizaji wakatikisa vichwa. "Na kura zilipopigwa," Mzee Mmadi akamalizia, "visiwa vitatu vikasema uhuru, Maore ikasema bwana. Mpaka leo bendera ya Mfaransa iko kule. Wauza nchi wale!"

Nami nilikumbuka bendera nyekundu ya Sultani iliyokuwa ikipepea kwetu pwani, ikashushwa mwaka wa sitini na tatu baada ya wakubwa kutiliana sahihi mbali huko. Sisi wa Mambrui hatukuulizwa. Labda ndiyo maana sikujua nimhukumu vipi mtu aliyeulizwa akajibu vibaya. Nilikula pilau yangu nikarudi nyumbani.

Mwaka wa themanini na saba Zubeir alikuja dukani kuchukua kanzu ya babake, akachukua muda mrefu. Wiki ya pili alikuja kuchukua kanzu ambayo nilikuwa sijaikata. Wiki ya tatu nikamwita Kaltuma.

"Ami," akasema kabla sijafungua kinywa, "huyu nimemtaka. Wewe una shaka na kila mtu, nami sikukatazi. Lakini huyu mmoja niachie."

Alikuwa na miaka kumi na tisa, na alikuwa na kidevu cha Seif. Sikuweza kusema hapana. Zubeir alikuwa kijana wa heshima, mikono yake ilikuwa na kazi, na nilipomchunguza kwa siri sikupata ila kwamba alipenda mpira kupita kiasi.

Siku chache kabla ya posa, Mzee Mmadi mwenyewe alikuja. Hakuketi. "Binti nimemsikia, ni binti wa watu," akasema. "Marehemu babake nimemsikia pia. Mamake ndiye simjui. Nitauliza asili na fasili, na nataka kujibiwa. Mwanangu aoe popote apendapo, nitakwenda kuposa kwa miguu yangu. Ila kwa Mmaore haoi. Nikiwa hai haoi."

Alisema hayo kwa sauti ya mtu aliyezoea ofisi, na pazia lilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Alipoondoka nilisikiliza. Nyuma ya pazia hapakuwa na sauti yoyote, hata ya uzi kupita kwenye kitambaa.

Nilijiambia, huu ndio mwisho. Wangazija wataulizana, mume wa zamani atajulikana, na jina la Kaltuma litatembea Mambrui mpaka Takaungu. Nilitaka kumbana Bi Mastura siku ile ile, lakini niliogopa jibu. Nilitegemea atanijia mwenyewe. Hakuja.

Siku ya posa walifika wazee wanne baada ya sala ya alasiri. Tuliketi ukumbini, mimi ubavuni mwa Mzee Mmadi kama mwenyeji wake. Salamu zikaenda, dua ikaombwa, maneno ya posa yakasemwa kwa uzuri wake. Kisha Mzee Mmadi akakohoa.

"Tumefurahi," akasema. "Limebaki moja. Mama wa binti ni mwenzetu wa visiwani. Sisi watu wa huko twajuana mji kwa mji na nyumba kwa nyumba. Yeye ni wa kisiwa gani, mji gani, nyumba ya nani?"

Wote wakanitazama. Wali hajui asili ya mama wa binti yake! Nilianza kusema kwamba marehemu ndugu yangu alikuwa mtu wa safari, nikasikia ninavyojiaibisha. Mzee Mmadi akasema taratibu, "Basi aulizwe mwenyewe."

Pazia la ndani likafunuliwa. Bi Mastura alitoka amejitanda buibui, ameshika sinia la kahawa na halua. Kwa kawaida kazi ile ingefanywa na kijana wa nyumba, hivyo wazee wakainamisha macho kwa adabu. Alipita mbele yao wote mpaka kwa Mzee Mmadi, akapiga goti, akamwekea sinia mbele yake, akamkabidhi kikombe. Kisha, badala ya kuondoka, akainua mikono yake miwili usawa wa mbavu za mgeni wangu. Hakumgusa. Alivichezesha vidole vyote kumi hewani, upesi upesi, kama mtu anayechambua pamba.

Mimi peke yangu niliviona, kwa kuwa nilikuwa ubavuni. Mzee Mmadi alibana mikono, akaruka pale alipoketi, kahawa ikamwagika kwenye kanzu, na kinywani mwake kikatoka kilio chembamba cha mwana-mbuzi. Wazee wakainua vichwa.

"Kahawa ya moto," Mzee Mmadi akasema. Uso wake ulikuwa umegeuka majivu.

Bi Mastura alikuwa amekwisha kurudi ndani.

"Tulikuwa tukiuliza asili," mzee mmoja akakumbusha.

"Asili nimeijua," Mzee Mmadi akasema kwa haraka. "Nimeridhika. Tusome Fatiha."

Tukaisoma. Midomo yangu ilisoma, na damu ilinichemka. Wale wawili walijuana. Walijuana sana, na kwa njia ambayo mwanamke na mwanamume hawajuani hivi hivi. Mume niliyemtafuta akilini kwa miaka ishirini alikuwa ameketi ukumbini kwangu akifuta kahawa. Kisha likanijia lililokuwa baya zaidi. Kaltuma alizaliwa upesi. Kama mumewe ni huyu, basi mtoto ni wa nani? Na Zubeir ni nani wake?

Usiku ule sikulala. Kulipokucha nilikwenda dukani kabla ya wateja, nikalivuta pazia lote upande mmoja, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

"Bi Mastura," nikasema, "mimi ndiye wali. Sitaozesha ndugu na nduguye. Nambie Mmadi ni nani wako, au leo hii nakwenda Malindi kuirudisha posa."

"Ndugu na nduguye?" akarudia, kisha akaelewa. Nilitegemea alie. Alicheka, mara ya kwanza tangu azikwe Seif, akacheka mpaka akaiweka kofia chini. "Shemeji, shaka yako haina hata haya! Kaltuma ni mtoto wa miezi saba. Alizaliwa mikononi mwa mamako, na mamako alimuona hana kucha. Ungemuuliza."

"Na Mmadi?"

Kicheko kikamwisha. "Mimi ni wa Maore," akasema. "Natoka Mtsapere." Jina la mji wake alilisema polepole, na nadhani hakuwa amelisema kwa sauti tangu atue kwetu.

Kisha akanieleza. Nayaandika kama alivyoyasema, maana siwezi kuyaboresha.

"Miaka ile ofisi za serikali zilitolewa kwetu zikapelekwa Ngazija. Ofisi zikenda, kazi nazo zikenda. Waume wakafuata kazi, wengi wakaoa huko huko. Tukabaki wanawake na watoto na maduka matupu. Kisha wakawa waja makarani wa Ngazija kutuamrisha. Tungewapiga, tungepigwa risasi. Basi tukatafuta njia ya kike. Karani akishuka gatini twamzunguka, twamwimbia, twamkaribisha, kisha twamtekenya. Mbavu, kwapa, shingo. Askari atasema nini? Ampige risasi mwanamke kwa kumchekesha mtu? Twamtekenya mpaka alie, mpaka aombe mwenyewe kurudi alikotoka."

"Mwaitekenya serikali?" nikauliza.

"Twaitekenya serikali. Na ikaondoka."

Aliiokota kofia, akaishika bila kuishona. "Siku hiyo alishuka kijana mrefu, ana koti na mkoba. Mimi ndiye niliyemfikia wa kwanza. Akacheka, maskini. Wallahi alikuwa na kicheko kizuri, sijasikia kama hicho. Akawa yuwarudi nyuma, yuwarudi nyuma, na sisi twamfuata, mpaka akaanguka baina ya gati na chombo. Walimtoa hana fahamu, damu zamtoka kinywani. Chombo kikaondoka naye. Nami nikajua nimeua."

"Na Seif je?"

"Meli yao ilikuwa imefungwa pale pale. Yeye alikuwa juu yuwaosha sufuria, akatuona, akacheka mpaka ikamponyoka ikaanguka gatini. Alishuka kuifuata. Ndiyo hiyo sufuria mnayopikia pilau ya Idi." Akatabasamu kidogo. "Askari walipoanza kutusaka, Seif ndiye aliyekwenda kwa kadhi, tupate kuondoka pamoja. Ndoa yetu ni ndoa, shemeji, sikuwa mke wa mtu. Ilikuwa na mashahidi na dua na kila kitu."

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yetu ilikuwa imezikwa. Nilimkasirikia Seif pale pale, yeye aliyekula nami sahani moja asiniambie. Lakini nilimwacha Bi Mastura aendelee.

"Miaka kumi na moja niliswali nikimuombea maiti. Siku moja nikenda Malindi kutafuta uzi, nikamuona maiti ameketi kibandani, ana jino la dhahabu, yuwatengeneza saa. Nilifurahi hata nikaketi chini barabarani. Kisha nikasikia ati alipigwa na wanaume ishirini." Macho yake yakawaka. "Wanaume! Hapakuwa na mwanamume hata mmoja pale."

"Basi mbona usiseme? Waogopa nini?"

Hapo sauti ikampungua. "Shemeji, tuliwatekenya wenzetu wote, wakaondoka. Mfaransa alikuwa amesimama kando na kofia yake nyeupe, yuwatutazama, yuwacheka pamoja nasi. Hapana hata mmoja wetu aliyefikiri kumtekenya yeye. Kura zilipokuja mimi nilikuwa hapa, nampeleka Kaltuma chuoni. Sijui ningesema nini. Wangazija wakisikia Mmaore husema msaliti, nami sina la kuwajibu. Sijapata hata la kujijibu mwenyewe. Kwa hiyo nilinyamaza. Jana nilimtisha mzee wa watu kwa ajili ya mwanangu, na sasa naogopa zaidi. Mtu akikubali kwa kuogopa, huko si kukubali."

Hilo nililijua kuliko yeye. Anayekubali kwa kubanwa hungoja siku atakayoachiwa. Mzee Mmadi angeweza kuivunja posa kesho, au siku ya nikaha mbele ya mji mzima, au amwache Kaltuma aingie nyumbani kwake kisha amlipize mtoto deni la mama. Tulikubaliana kutomwambia Kaltuma. Yeye alikuwa akipita dukani akiimba, akichagua leso na kunionyesha, na kila alipoimba mimi na mamake tulitazamana kama wezi.

Wiki zikaenda. Mzee Mmadi hakuonekana Mambrui. Zubeir naye akapunguza kuja, na alipokuja alinitazama kwa namna ya ajabu, akauma mdomo, akaondoka. Nilimwambia Nana jambo limeharibika. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu Nana hakunibishia.

Wiki moja kabla ya nikaha, asubuhi, Mzee Mmadi aliingia dukani. Chini ya kwapa alikuwa na kitambaa cheupe kipya, bado kimefungwa kwa karatasi ya duka la Kanji. Kanzu kuukuu hakuileta. Alilitazama pazia.

"Yumo?"

"Yumo."

Nilidhani atashusha sauti. Aliipandisha. "Amekwambia nini?"

"Mimi fundi, mzee. Ya watu siyasikii."

"Huwezi kusema uwongo wewe, huna uso wa kusemea." Akaweka kitambaa mezani. "Nilipozinduka, nyumba ilikuwa imejaa watu. Waniuliza, ni nani amekufanya hivi? Nami kijana, karani, nimevunjika jino. Ningesema nini? Nikasema wanaume. Waniuliza wangapi. Nikasema ishirini. Kisha huwezi tena kupunguza." Akakinyoosha kitambaa kwa kiganja. "Miaka ishirini nimekichukua kisa hicho. Hata kucheka niliogopa, watu wasije wakajua."

Aliligeukia pazia tena, kisha akanirudia mimi.

"Zubeir aliniuliza kwa nini niliridhika upesi vile siku ya posa, na mimi ndiye niliyesema Mmaore haingii kwangu. Alinishikilia siku nyingi. Juzi nikamwambia yote. Wanawake, vidole, kila kitu."

"Akasemaje?"

"Alicheka mpaka akalala chini ya meza ya saa." Jino la dhahabu likaonekana kidogo, likapotea. "Basi sasa mwanangu yuwajua, na nimeazimia Julai nitawasimulia na wenzangu. Hakuna tena wa kunitisha kwa vidole. Sasa niko huru kukataa."

Nilishika ukingo wa meza. Kaltuma alikuwa uani akifua, na nilimsikia akiimba.

Mzee Mmadi akavua kofia yake, akaiweka juu ya kitambaa. Akasimama katikati ya duka. Kisha, kidogo kidogo, kama milango ya zamani, akaiondoa mikono yake mbavuni, akaiinua mpaka usawa wa mabega.

"Nipime," akasema. "Harusi ya mwanangu siwezi kuivalia kanzu ya kufuatisha."

Nilichukua futi. Nilipoizungusha kifuani mwake alitetemeka, akauma mdomo, akafumba macho, halafu akashindwa. Kilianza kidogo puani, kikashuka tumboni, kikatoka chote. Kaltuma aliacha kuimba. Bi Mastura alisema kweli: kilikuwa kicheko kizuri. Kilimtoka mpaka machozi yakamshuka kwenye ndevu, na mikono hakuishusha.

Kilipotulia, nyuma ya pazia ikatoka sauti ya Bi Mastura. "Kwezi," akasema. Ndiyo shikamoo ya kwao. Kwa miaka ishirini sikuwahi kulisikia neno la lugha yake kinywani mwake.

Mzee Mmadi alimwitikia. Akamuuliza jambo, naye akajibu kwa kirefu, mbio mbio, kama mtu aliyefunguliwa mlango. Waliongea hivyo, yeye amesimama na mikono hewani, bibi nyuma ya pazia. Lugha ile ni jirani ya yetu, lakini walikwenda kasi, nikawa nadaka moja moja. Nilidaka gati. Nilidaka Mtsapere. Nikadaka Mfaransa, na baada ya hilo wote wawili wakashusha sauti. Kisha Mzee Mmadi akasema kitu kifupi, kwa upole, na kule nyuma nikasikia Bi Mastura analia. Alisema nini? Nimewauliza wote wawili tangu hapo, na kila mmoja ananiambia nimuulize mwenzake.

Vipimo vyote vilikuwa vimenitoka kichwani, ikabidi nianze upya. Nilimwambia Mzee Mmadi sasa anaweza kupumzisha mikono. Wa kulia aliushusha ukaning'inia. Wa kushoto, uliokuwa upande wa pazia, aliubana mbavuni palepale, na sikumlaumu.